Kutoa Kemikali Vukizi Kwenye Maji kwa Utando: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Hapa yamekusanywa maswali ambayo wanafunzi, mafundi wa majitaka na wenye viwanda vidogo vya rangi na gundi hurudia kuuliza kuhusu pervaporesheni, yaani hiyo njia ya kutoa kemikali kwa utando. Ya mwanzo ni ya msingi. Kama mtambo umeshaufunga na matokeo hayakuridhishi, ruka hadi swali la 6.

## Msingi

1. Kemikali vukizi ni zipi, na kwa nini hazichujiki kama matope?

Ni kemikali za kaboni zinazogeuka mvuke upesi kwenye joto la kawaida: benzini na tolwini zilizomo kwenye petroli, trikloroethilini ya kuondolea grisi kwenye vyuma, klorofomu, asetoni na nyingine nyingi. Wenye maabara huziita VOC. Ukizishika puani ujue zimeshaanza kuondoka kwenye chombo.

Hazichujiki kwa sababu zimeyeyuka, kila molekuli kivyake, kama sukari kwenye chai. Mchanga na kitambaa haviwezi kuzikamata. Tena kiasi kinachoyeyuka ni kidogo lakini ni kingi mno kwa mnywaji: lita moja ya maji ya nyuzi 25 hubeba takriban gramu 1.8 za benzini, wakati Shirika la Afya Duniani linataka benzini kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Maji yaliyoshiba benzini yamekipita kiwango hicho mara 180,000, na ukiyatazama kwenye glasi ni meupe kabisa.

2. Pervaporesheni ni nini hasa?

Ni kutenganisha vimiminika kwa utando usio na matundu. Maji machafu yanapita upande mmoja, na upande wa pili kuna ombwe, yaani vakyumu. Kemikali inazama ndani ya utando, inapenya hadi ng'ambo, inatoka ikiwa mvuke, kisha kondensa inaupoza mvuke huo uwe kimiminika tena. Maji yaliyosafishwa yanabaki upande yalikoingilia.

Jina lilitolewa na Philip Kober mwaka 1917 nchini Marekani. Msaidizi wake aligundua kwamba kimiminika kilichomo kwenye mfuko wa kolodioni (utando mwembamba mithili ya plastiki) ulioning'inizwa hewani kilikuwa kinapungua ingawa mfuko ulifungwa barabara. Viwandani mbinu hii ilishika miaka ya 1980, Ujerumani, kwa kazi ambayo ni kinyume cha yetu: kutoa maji kidogo yaliyobaki kwenye ethanoli. Wao walitumia utando unaopenda maji. Sisi tunataka unaoyakataa.

3. Kama utando hauna matundu, kitu kinapitaje?

Weka petroli kwenye dumu la plastiki, kaza kifuniko, funga mlango wa stoo. Kesho yake stoo inanuka. Dumu halijatoboka. Petroli imeyeyuka ndani ya plastiki yenyewe na kutokea upande wa nje. Utando wetu ni dumu hilo, ila limefanywa jembamba na limechaguliwa makusudi livuje tunachotaka.

Kwa hiyo mambo mawili ndiyo yanayoamua nani apite: kemikali inapenda kiasi gani kuzama ndani ya utando, na ikishazama inatembea kwa kasi gani.

4. Kwa nini karibu kila mtu anatumia raba ya silikoni?

Kwa sababu minyororo yake inachezacheza hata kwenye baridi kali (haigandi kuwa kama kioo mpaka chini ya nyuzi 120 hasi), kwa hiyo molekuli zinapita kwa urahisi. Na haipendi maji. Tolwini ikikutana nayo inazama mamia ya mara zaidi ya inavyokaa majini. Wenzetu wa maabara huiandika PDMS. Kwa kawaida ni tabaka jembamba lililopakwa juu ya kitambaa chenye vitundu kinachoibeba, maana peke yake ingechanika.

Si dawa ya kila kitu. Fenoli ina habari yake kwenye swali la 16.

5. Mbona nisipulizie hewa tu kwenye maji?

Mara nyingi pulizia. Nasema hivi ingawa utando ndio kazi yangu. Kwa maji mengi yenye kemikali kidogo, mnara wa kupulizia hewa ni rahisi kujenga na fundi yeyote wa pampu ataumudu.

Tazama uwiano wa kemikali kati ya hewa na maji kwa nyuzi 25, yaani kilichomo kwenye lita ya hewa ukigawa kwa kilichomo kwenye lita ya maji. Trikloroethilini ni takriban 0.4, tolwini 0.27, benzini 0.22, klorofomu 0.15. Hizi hewa inazibeba bila shida. Asetoni ni 0.0016 na ethanoli 0.0002, hizo utapuliza hadi uchoke. Tatizo la mnara ni kwamba uchafu haujaisha, umehamia hewani. Lazima uukamate kwa mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa makusudi kunasa kemikali, na mkaa ukishiba unanunua mwingine. Utando unashinda pale maji ni machache, kemikali ni nyingi (mamia ya miligramu kwa lita kwenda juu), na unaitaka kemikali yenyewe irudi chupani.

## Kuboresha

6. Nimebadilisha utando nikaweka wa bei mbaya, lakini tolwini haitoki haraka zaidi. Nimeibiwa?

Huenda hukuibiwa, ila ulinunua dawa ya mguu wakati kinachouma ni jino. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote.

Maji yanapopita juu ya utando, tabaka jembamba linalougusa halisogei. Unene wake ni kati ya mikromita 10 na 100 hivi, sawa na unywele au chini yake. Tolwini iliyomo kwenye tabaka hilo inamezwa na silikoni mara moja, kisha silikoni inakaa na njaa. Tolwini nyingine iko katikati ya mkondo, na ili ifike lazima ijikokote kuvuka maji tuli, ambayo ndani yake inatembea polepole mno. Utando unaweza kupitisha mara mia ya kinachoufikia. Ukiweka unaopitisha mara mia mbili, kinachoufikia ni kilekile.

Kwa tolwini, benzini, trikloroethilini na ndugu zao wasiopenda maji, kizuizi kikubwa ni maji yenyewe. Kwa ethanoli na asetoni mambo yanageuka: hizo silikoni inazipokea kwa kusitasita, kizuizi kinakuwa utando, na hapo pesa ya utando bora haipotei.

7. Nitajuaje kizuizi changu kiko wapi?

Usibadilishe kitu chochote ila kasi ya pampu inayozungusha maji. Pima kemikali kwenye tangi kila nusu saa kwa kasi ya kwanza, kisha rudia kwa kasi maradufu ukianza na maji yaleyale na joto lilelile. Kama kemikali inashuka haraka zaidi, kizuizi kiko majini. Kama hakuna tofauti, kiko kwenye utando au upande wa ombwe.

Jaribio hili linamaliza siku moja na halihitaji kununua kitu. Nashangaa linavyorukwa.

8. Tangi langu la lita 1,000 litachukua muda gani?

Tuseme una mita 10 za mraba za utando na maji yanazungushwa vizuri kiasi, hivyo kemikali inafika kwenye utando kwa kasi ya mita 0.00002 kwa sekunde. Hiyo ni namba ya kawaida kwa tabaka tuli la mikromita 50. Zidisha kasi kwa eneo, gawanya kwa ujazo wa mita 1 ya ujazo: kila sekunde unatoa sehemu 2 kati ya 10,000 za kilichobaki.

Matokeo: asilimia 90 inatoka kwa saa 3.2. Asilimia 90 ya kilichobaki inahitaji saa 3.2 nyingine, na kadhalika. Tolwini ikianza na miligramu 100 kwa lita, kufika miligramu 0.7, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ni karibu saa 7. Benzini ikianza na miligramu 20 na ikatakiwa kufika 0.01, ni karibu saa 10 na nusu.

Sehemu kubwa ya muda huo unapigania mabaki. Ndiyo maana wengi huacha utando utoe asilimia 95 au 99, kisha wanamalizia kwa pipa dogo la mkaa amilifu, ambalo sasa linadumu muda mrefu kwa kuwa limeachiwa makombo.

9. Kuna mtu ameniambia utando mnene ni bora kuliko mwembamba. Ni kweli au ananichezea?

Kwa kemikali za kundi la tolwini ni kweli. Fuata hesabu ya swali la 8.

Maji nayo yanapenya utando, ingawa kidogo, na yenyewe hayazuiwi na tabaka tuli. Kinachoyazuia ni silikoni tu. Utando ukiwa mnene mara tano, maji yanayopita yanapungua mara tano. Tolwini haipungui, kwa sababu kizuizi chake hakikuwa silikoni. Tuseme silikoni ya mikromita 10 inapitisha gramu 200 za maji kwa kila mita ya mraba kwa saa. Katika zile saa 3.2, mita 10 zinapitisha kilo 6.4 za maji pamoja na gramu 90 za tolwini. Chupani una tolwini ya asilimia 1.4. Weka silikoni ya mikromita 50: maji yaliyopita ni kilo 1.3, tolwini ni zilezile gramu 90, na chupani una karibu asilimia 6.5.

Mvuke mchache maana yake kondensa ndogo, pampu ndogo ya ombwe na umeme mdogo. Ila usizidishe unene kupita kiasi: kuna mahali silikoni yenyewe inaanza kuwa kizuizi, na jaribio la swali la 7 litakuonyesha umefika. Kwa ethanoli usijaribu kabisa. Huko unene unapunguza vyote viwili.

10. Sasa maji nitayazuiaje yasitulie?

Njia ya kwanza ni kasi, lakini ina bei. Maji yakipita kwa utulivu, kuongeza kasi maradufu kunaongeza ufikaji wa kemikali kwa robo tu. Yakiwa yanavurugika, ongezeko ni karibu robo tatu, ila nguvu inayoliwa na pampu inapanda mara saba hivi. Bili ya umeme itakuuliza.

Njia ya pili ni kuyavuruga bila kuyakimbiza. Moduli (vifurushi vinavyoshika utando) za kuviringisha huwekwa wavu wa plastiki kati ya tando mbili. Kila uzi wa wavu unayapindua maji. Kama moduli yako imekuja na wavu laini mno, kubadilisha wavu ni rahisi kuliko kubadilisha utando. Mirija iliyosokotwa kama springi nayo inafanya vizuri: maji yakikata kona yanajizungusha yenyewe pembeni, yale ya katikati yakaja ukutani na ya ukutani yakaenda katikati. Zipo pia moduli zinazotikiswa zenyewe badala ya maji kukimbizwa, nzuri kwa maji yenye matope mepesi.

Kitu kimoja kidogo: angalia maji yanaingilia wapi. Tumewahi kufungua moduli ya bapa iliyofanya kazi miezi kadhaa, tukakuta kutu nyekundu imepaka kama theluthi ya utando kwenye kona moja, laini, inafutika kwa kidole. Maji yalikuwa yanakata njia ya mkato kutoka kiingilio hadi kitokeo, na kona ile haikuwahi kuoshwa. Tulikuwa tumelipia utando wote na tunatumia theluthi mbili.

11. Nikiyapasha maji moto si itakwenda haraka?

Inategemea kemikali. Msukumo wa mvuke wa maji ni kilopaskali 3.2 kwa nyuzi 25, na kwa nyuzi 60 ni karibu 20. Kwa hiyo ukipasha hadi 60, maji yanayopita yanaongezeka mara kadhaa. Tolwini inaongezeka kiasi tu, kwa vile inatembea majini haraka kidogo zaidi. Umeharakisha adui kuliko rafiki. Kwa ethanoli, asetoni na fenoli kupasha kunasaidia kweli.

Hata usipopasha, kumbuka mvuke unabeba joto. Kila asilimia 1 ya maji inayovukia kwenye utando inayapoza yaliyobaki kwa karibu nyuzi 6. Mtambo unaoanza vizuri asubuhi na kulegea mchana, kwanza tia kipimajoto kwenye tangi.

12. Ombwe liwe kali kiasi gani?

Si kali kama watu wanavyodhani. Tolwini ya miligramu 100 kwa lita inasukuma kwa takriban kilopaskali 0.7, na ng'ambo ya utando shinikizo lake ni dogo mno kwa sababu mvuke mwingi ulioko huko ni wa maji. Kwa hiyo ukiacha ombwe kwenye kilopaskali 2, tolwini inaendelea kupita kama kawaida, lakini maji, yenye 3.2 upande wao, yanapungua kwa zaidi ya nusu. Isitoshe, mvuke wa maji wa kilopaskali 2 unaganda kuwa kimiminika kwenye nyuzi 17 hivi, kwa hiyo kondensa haihitaji baridi kali. Fenoli na wenzake wasioruka upesi ndio wanaodai ombwe la nguvu.

Kinachoua mitambo ni uvujaji. Hewa inayoingia kwenye ombwe inapita kwenye kondensa, inabeba kemikali na kuitoa nje kupitia pampu. Siku tatu tulitazama geji iliyogoma kushuka chini ya 6. Tukamlaumu muuza pampu, tukabadilisha oili, tukafungua moduli. Mwisho mmoja wetu akapitisha mkono kwenye bomba la mpira lililopita karibu na dirisha: limepauka kwa jua, na chini ya klipu kuna ufa usioonekana mpaka ulikunje. Siku hizi tunaanza hapo: funga vali ya pampu, tazama geji inapanda kwa kasi gani, halafu pitia viungo kimoja kimoja.

13. Vipi tando zilizochanganywa na unga wa zeolaiti?

Zeolaiti ni madini yenye vitundu vidogo mno, na silikalaiti ni aina yake mojawapo. Ni kweli zinaboresha, hasa kwa ethanoli. Silikoni peke yake inaikusanya ethanoli mara 5 hadi 10 tu. Chembe za silikalaiti, zenye vitundu vya nanomita 0.55 hivi visivyopenda maji, zinaupandisha uwiano huo. Shida ni kuchanganya: chembe zikishikana mabonge au raba isipozikumbatia, panabaki nyufa na maji yanapita humo. Kwa tolwini, soma tena swali la 6 kabla ya kuagiza.

## Mambo yanayoleta utata

14. Chupa ya kondensa ina matabaka mawili. Nimwage lipi?

Usimwage hata moja. Hiyo ni dalili nzuri: kemikali imekuwa nyingi kuliko maji yanavyoweza kubeba, ikajitenga yenyewe. Tolwini na benzini zinaelea juu. Trikloroethilini, yenye uzito wa karibu mara moja na nusu wa maji, inakaa chini, na wengi wameitupa wakidhani ni maji. Tabaka la kemikali linahifadhiwa. Tabaka la maji bado limeshiba kemikali, kwa hiyo rudisha kwenye tangi la kuingilia.

15. Maji yangu yana mafuta yanayoelea, chumvi na sabuni. Utando utastahimili?

Mafuta yanayoelea, hapana. Kemikali iliyoyeyuka majini silikoni inaivumilia, lakini tolwini tupu ikiigusa inaivimbisha hadi ibanduke kwenye kitambaa chake. Engua mafuta kwanza.

Chumvi haina madhara makubwa. Haipiti, tena inaisukuma kemikali itoke majini. Chumvi ngumu, zile zinazoacha ukoko kwenye birika, zinaganda juu ya utando ukipasha maji. Vumbi na kutu, weka kichujio cha mikromita 5 mbele.

Sabuni ndiyo yenye hadithi. Molekuli zake zinajikusanya vifundo na kuificha kemikali ndani, hivyo kemikali haisukumi kama kawaida na kazi inakwenda polepole. Lakini pia sabuni inafanya mnara wa hewa ufurike povu, kwa hiyo utando unabaki njia ya maana. Kwa mfano, kwenye Camp Lejeune, kambi ya kikosi cha Marines cha Marekani jimboni North Carolina, maji ya kunywa yalichafuliwa kwa miaka mingi kuanzia 1953 na kemikali za kusafishia nguo bila maji na za kuondolea grisi. Mwaka 1982 trikloroethilini ilipimwa hadi mikrogramu 1,400 kwa lita, wakati kiwango cha Marekani sasa ni 5. Mwaka 1999, mahali palipokuwa na dobi wa kambi, walisukuma maji ya sabuni ardhini yakaikokota perkloroethilini (ile ya kusafishia nguo bila maji) iliyozama, kisha pervaporesheni ikaitoa kemikali ili sabuni, ambayo ni ghali, irudi kutumika.

16. Fenoli inapita kwenye silikoni?

Kwa shida. Inapenda maji na hairuki upesi. Raba ya poliamaidi na poliethari, inayoandikwa PEBA, inaikaribisha vizuri zaidi, na hapo pasha maji na uongeze ombwe, kinyume cha ushauri wa tolwini kwenye maswali ya 11 na 12. Fenoli ikiwa nyingi inaganda kwenye kondensa na kuziba bomba. Usiipoze kupita kiasi.

17. Kuna hatari gani?

Maji yaliyoingia hayawaki. Kilichoko chupani kinawaka: mvuke wa tolwini unashika moto kuanzia nyuzi 4, wa benzini hata chini ya sifuri. Hewa ya pampu itoke nje ya jengo kupitia mkaa, pampu iwe ya aina isiyotoa cheche, na chupa isimwagwe kwenye sinki. Benzini inasababisha saratani ya damu, kwa hiyo usiipime kwa pua.

18. Kisima chetu kinanuka petroli. Tufunge utando?

Hapana, si kwanza. Acheni kuyanywa na kuyapikia, na toeni taarifa ili chanzo kitafutwe. Tangi la kituo cha mafuta au bomba likiendelea kuvuja, mtasafisha milele. Wakazi wa Thange, Makueni nchini Kenya, bomba la mafuta lilipovuja mwaka 2015, waliona jinsi uchafu unavyokaa ardhini na mtoni muda mrefu baada ya bomba kuzibwa. Kwa maji ya kisima yenye kemikali kidogo, mnara wa hewa ukifuatwa na mkaa ndio wa kwanza kufikiriwa, kama ilivyo kwenye swali la 5.

Na msiyachemshe jikoni mkidhani mnayasafisha. Benzini itatoka kweli, lakini itatokea puani mwa anayepika.